Mabegi ya turubai ya fundi wa Kariakoo: watu watano hadi Pemba bila begi la kuburuza

Begi gumu la plastiki lenye magurudumu manne, lile linalouzwa kuwa ni la kuingia nalo ndani ya ndege, ukiliweka kwenye mizani likiwa tupu mara nyingi linakaribia kilo tatu. Emirates na Ethiopian wanaruhusu kilo saba mkononi kwa abiria wa daraja la kawaida. Toa tatu za begi, umebaki na kilo nne za nguo, viatu, chaja na dawa za mtoto. Kenya Airways wana nafasi zaidi, wao ni kilo 12, lakini hakuna anayenunua begi la shirika moja tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa fundi. Nilitaka begi ambalo lenyewe halili kilo zangu.

Ninayoyaeleza hapa ni mabegi manne ya turubai tuliyoshonewa Kariakoo, makubwa mawili na madogo mawili. Tulikwenda nayo Pemba likizo ya Juni, mimi, baba watoto na watoto wetu watatu, na hatukuchukua mzigo mwingine. Wakwe zangu wako Wete, kwa hiyo ilikuwa safari ya mapumziko na ya kuwaona wazee kwa pamoja. Kila aliyewahi kwenda ukweni na watoto anajua mizigo ya safari ya namna hiyo huishia wapi.

Fundi mwenyewe ana vyerehani viwili kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vitambaa. Kazi yake ya kila siku ni kubadilisha zipu na kushona mabegi ya shule, na kwa jinsi watoto wa mjini wanavyobeba madaftari ya masomo yote kwa mkupuo, mtu huyu anajua mkanda unakatikia wapi. Nilimkuta akirudishia mkanda uliong'oka kwenye begi la mtoto. Alishona mraba pale mkanda unapokutana na mgongo wa begi, kisha akapitisha msalaba katikati ya mraba, akarudia juu yake. Mabegi mengi ya dukani yana mstari mmoja tu mahali hapo. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza shida yangu.

Nilimpa vipimo vya sentimita 50 urefu, 35 upana na 20 kina. Akaniangalia.

"Mama, mbona dogo? Wateja wangu wote wanataka kubwa."

"Fundi, likiwa kubwa nitalijaza."

Akacheka, akaandika kwenye kipande cha karatasi. Vipimo hivyo sikuvitoa kichwani. Qatar Airways wanataka begi la mkononi lisizidi sentimita 50 kwa 37 kwa 25, na mashirika mengine makubwa yanayopita Dar es Salaam yanaruhusu kidogo zaidi ya hapo kwa urefu. Ukikaa ndani ya 50, 35 na 20 unapita kote huko, na ndani unapata lita 35. Kwa watoto wawili wakubwa, wa miaka kumi na moja na wa miaka minane, niliagiza ya sentimita 40 kwa 28 kwa 15. Kitinda mimba hana begi. Vitu vyake vilikaa kwangu.

Kitambaa ni turubai la pamba la rangi ya kijani kibichi, si lile zito la kufunikia malori, ni la wastani. Kitako kina tabaka mbili. Zipu ni namba nane, pana, ya meno ya nailoni, inazunguka pande tatu ili begi lifunguke lote kwa mpigo na kulala mezani. Hili la kufunguka lote nililisisitiza sana. Begi linalofunguliwa juu peke yake linakulazimisha kutoa kila kitu ukitafuta soksi moja, na ukiwa na watoto unatafuta soksi moja kila asubuhi. Mikanda ya mabegani ina sponji nene, na kuna vishikio vitatu: juu, ubavuni na chini. Kile cha chini ndicho ninachokipenda zaidi, maana begi likiwa limesukumwa chini ya kiti unalivuta kwa kishikio hicho bila kuhangaika. Mgongoni, upande unaogusa mwili, kuna mfuko uliofichika wa vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na fedha. Mwizi hawezi kuufikia mpaka akuvue begi.

Tulikwenda kulipima kwa muuza nafaka wa jirani. Kubwa likiwa tupu lilikuwa na gramu 850, dogo gramu 420. Nilishukuru Mungu pale pale.

Bei ilikuwa shilingi 48,000 kwa kila kubwa na 28,000 kwa dogo, nusu unatoa kwanza. Fundi alisema Alhamisi, tukayapata Jumatatu iliyofuata. Kwa mafundi wa hapa mjini hilo si kosa la kumfukuzia mtu, ila kama una tiketi mkononi lihesabu mapema.

Kitu ambacho sikukitegemea, na ambacho leo naona ndicho moyo wa kazi yote, ni vifuko. Zamani tungetenganisha nguo za kila mtu kwa mifuko ya rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, na Zanzibar walitutangulia. Fundi alikuwa na mabaki ya kitambaa cha neti, hicho hicho cha chandarua, akanishonea vifuko kwa shilingi 2,500 kila kimoja, vyenye zipu nyembamba na pindo la rangi tofauti kwa kila mtu. Baba watoto bluu, mimi zambarau, mkubwa njano, wa kati nyekundu, mdogo nyeupe. Neti inaonyesha kilichomo bila kufungua, inapitisha hewa, nguo zikiwa na unyevu hazivundi, na uzito wake ni kama hakuna kitu. Mtoto wa miaka minane aliweza kupanga na kupangua kifuko chake mwenyewe safari nzima. Sikuulizwa "Mama, fulana yangu iko wapi?" Mwenye watoto atanielewa nikisema hilo peke yake linatosha kulipia begi.

Kimoja hakikuwa cha neti. Nilimwomba atumie ile nailoni ngumu inayoonyesha ndani, ya kutandika juu ya vitambaa vya meza, kwa ajili ya vitu vya majimaji. Viwanja vingi vya safari za kimataifa bado vinafuata utaratibu uliokuja baada ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006: kila chupa isizidi mililita 100, na zote zikae kwenye kifuko kimoja kinachoonyesha ndani, kisichozidi lita moja. Kwa Pemba hatukuuhitaji utaratibu huo, lakini kifuko hicho kilizuia mafuta ya nazi yasimwagike kwenye nguo, na sasa kipo tayari kwa safari za mbali.

Begi zuri halikusaidii kama unachopakia ni kile kile, kwa hiyo nieleze na vilivyoingia. Kila mtu alikwenda na seti tatu za nguo, moja mwilini na mbili kwenye kifuko, pamoja na vazi moja la heshima: kanzu kwa wanaume, baibui kwangu na kwa binti. Mimi nilichukua madera. Sijui vazi lingine linalokunjika likawa dogo hivyo, likakauka usiku mmoja, na ukalivaa ufukweni, sokoni na mbele ya wazee bila kubadilisha. Jinzi ilikuwa moja tu, ya baba watoto, naye aliivaa mwilini. Raba vilevile walizivaa miguuni, na ndani ya begi zikaingia kandambili tu. Mche wa sabuni tulinunua Chake Chake, mji mwingine wa Pemba. Kila jioni nilifua vya siku ile na asubuhi vilikuwa vikavu, maana Juni ni kipupwe na upepo wa kusi hauachi.

Taulo hatukubeba hata moja. Tulibeba kanga, doti tatu. Sisi wanawake wa pwani hatuhitaji kufundishwa kazi za kanga, lakini nilipozipima nikashangaa: doti nzima, vipande viwili, ni nyepesi kuliko taulo moja la mtu mzima. Kanga ilikuwa taulo baada ya kuoga baharini, shuka ya mdogo alipolala safarini, mkeka wa ufukweni, pazia la kubadilishia nguo, mbeleko, na siku moja ya jua kali kivuli juu ya ngalawa. Nilizitandaza mgongoni mwa begi kabla ya kuweka vifuko, zikawa na kazi ya sponji pia. Baba watoto alichukua kikoi kimoja.

Pampasi za mdogo nilibeba za siku mbili. Madukani Chake na Wete zipo, kwa hiyo hakuna sababu ya kupandisha bunda zima kwenye ndege. Maziwa, biskuti, dawa ya mbu, mafuta, vyote vilevile. Nilichobeba kwa uangalifu ni dawa ya homa ya watoto, kipimajoto, na dawa ya kifua ya binti yangu, kwa sababu hivyo usiku wa manane huwezi kuanza kuvitafuta. Pawabanki ilikaa kwenye begi la mkononi kama inavyotakiwa. Ukomo wa kawaida usiohitaji kibali cha shirika ni saa-wati 100, sawa na mAh 27,000 hivi, na nyingi zinazouzwa mjini ni za 10,000 au 20,000, kwa hiyo ziko ndani.

Basi tukafika Terminali ya Kwanza ya Uwanja wa Julius Nyerere, ambako ndege ndogo za visiwani huondokea. Mashirika mengi ya ndege hizi yanaruhusu kilo 15 kwa abiria, pamoja na unachoshika mkononi, na yanataka mabegi laini. Sababu unaiona ukisogea kwenye ndege. Ndege hiyo, Cessna Caravan, haina makabati juu ya vichwa vya abiria. Mizigo inaingia kwenye sanduku refu lililo chini ya tumbo la ndege, lenye milango midogo ya ubavuni, na kijana wa mizigo anasukuma begi moja juu ya jingine mpaka linatosha. Kitu kigumu hakikunjiki humo. Mbele yetu kulikuwa na familia yenye sanduku kubwa gumu, wakaombwa walifungue na kuhamishia nguo kwenye mfuko laini pale pale sakafuni. Watoto wao walikuwa wanalia, mama wa watu anakunja nguo za ndani mbele ya foleni. Niliumia kwa niaba yake.

Yetu yalipanda kwenye mizani moja baada ya jingine. Kubwa la kwanza kilo 7.4, la pili 6.9, madogo kilo tatu na kitu kila moja. Tuliwekwa sote kwenye karatasi moja na mizigo yetu yote ilikuwa chini ya nusu ya tulichoruhusiwa. Yule dada wa kaunta akauliza, "Na mengine?" Baba watoto akamjibu, "Ndiyo hayo, dada yangu."

Swali lile lile tulilikuta Wete, kwa sauti nyingine. Mama mkwe alitupokea mlangoni, akawabusu wajukuu, akatazama nyuma yetu kama kuna gari linashusha.

"Ndo hivi tu mlokuja navyo?"

"Ndivyo, mama. Vingine tutavipata hapa hapa."

Hapa ndipo wengi wetu hushindwa kusafiri na mizigo michache, si kwenye nguo. Ni zawadi. Huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu, na mimi siungi mkono ushauri wa kuacha zawadi ili begi liwe jepesi. Nilichofanya ni kutenga fedha ya zawadi kwenye bahasha kabla ya safari, na siku ya kwanza nikaenda sokoni na wifi yangu. Tulinunua mchele, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia na kipande kizuri cha kitambaa kwa ajili ya mama, vyote hapo hapo, na mwenye duka akatuletea kwa mkokoteni mpaka mlangoni. Mama mkwe alifurahi kuliko miaka tuliyombebea vitu kutoka Dar, kwa sababu safari hii wifi alinieleza hasa kilichopungua jikoni. Kutoka bara nilibeba kitu kimoja tu kwa ajili yake, miwani mpya ya kusomea aliyoniagiza, ndani ya soksi ya baba watoto.

Mabegi madogo yaligeuka kuwa mabegi ya matembezi. Tulikwenda msitu wa Ngezi, tukateremka hadi Vumawimbi, na siku nyingine Kidike kuwaona popo wa Pemba, wale wakubwa wenye manyoya ya rangi ya kutu, ambao duniani hawapatikani kisiwa kingine. Kila mara tulimwaga vifuko kitandani, tukaweka maji, kanga na maandazi, na watoto wakabeba wenyewe. Begi la lita 17 linamfaa mtoto wa miaka minane mgongoni bila kumpindisha. Kilo tatu anazibeba siku nzima na bado anakimbia.

Sasa kasoro, maana zipo.

Ya kwanza ilituuma. Siku tuliyokwenda Chake kwa gari la abiria ili kulala kwa shemeji, ndani kulijaa makapu, kondakta akapandisha mabegi yetu makubwa kwenye keria. Njiani manyunyu yakatupata. Turubai lile halizuii maji, linayanywa. Hilo lingevumilika, lakini bitana aliyoiweka fundi ilikuwa nyekundu, na nyekundu ile ikachuja. Kanzu nyeupe ya mwanangu, aliyotunziwa kwa ajili ya Ijumaa, ikatoka na madoa ya waridi begani na kwenye pindo. Kifuko cha neti hakikuikinga, kwa kuwa neti ni matundu. Mama mkwe aliisugua kwa ndimu na chumvi, akaianika juani siku mbili, na madoa yakafifia mpaka ukisimama mbali huyaoni. Lakini mtoto alikwenda msikitini na shati la kawaida, na alisononeka.

Niliporudi Dar nilimpelekea fundi begi na kanzu. Alizitazama kimya, akagusa bitana kwa kidole kilicholowa mate, akaona rangi inatoka. Hakubishana. Alifumua bitana ya mabegi yote manne akaweka nailoni nyeupe nyepesi, bila kunitoza. Kisha akachukua nta, akaisugua juu ya turubai lote kwa nje na kuipitishia pasi ya moto kupitia karatasi mpaka ikazama kwenye nyuzi. Nimelimwagia maji bombani baada ya hapo: yanateleza kwa muda mzuri, ingawa ukiliacha kwenye mvua ya masika litalowa tu. Nta inaongeza gramu chache na inafanya kitambaa kishike mikunjo, ambayo mimi naipenda.

Kasoro ya pili ni ndogo. Zipu kubwa, ikifika kwenye kona ya chini, hung'ata pindo la ndani. Unarudi nyuma kidogo inaachia, lakini mtoto akiivuta kwa nguvu ataichana siku moja. Fundi amekata pindo hilo kwenye mabegi ya watoto, ya wakubwa bado.

Ya tatu ni kukosekana kwa mkanda wa kifuani. Ukiwa umembeba mtoto mbele na begi mgongoni, mikanda ya mabegani inateleza kuelekea nje, na huna mkono wa kuirudisha. Mimi nilifunga kipande cha mtandio kutoka mkanda hadi mkanda. Nitamwomba aongeze.

Kurudi tuliamua kupita baharini ili tulale Unguja. Bahari kati ya Pemba na Unguja wakati wa kusi haina huruma. Boti ilipotoka Mkoani na kuacha kinga ya kisiwa, binti yangu alianza kutapika, kisha mdogo. Mfuko wa juu wa begi, ule wenye zipu yake peke yake, ulikuwa na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, kanga kuukuu na limau. Niliufikia kwa mkono mmoja bila kusimama. Masanduku makubwa ya abiria wengine yalikuwa yamerundikwa huko mbele, na mama aliyekaa karibu nami alishindwa kulifikia lake mpaka tunaingia bandarini Malindi. Nilimpa kanga.

Bandarini wachukuzi walitujia kama kawaida yao, wakatazama, wakatuacha. Kila mtu ana begi lake mgongoni, mikono mitupu, mdogo ameshikwa na baba yake. Tulitembea kwa miguu hadi nyumba ya wageni ndani ya Mji Mkongwe, kupitia vichochoro ambavyo gari haliingii na mawe yake hayajawahi kuwa rafiki wa magurudumu. Tulikuwa kwenye baraza, tumevua viatu na tunakunywa maji, wakati wageni tulioshuka nao boti moja walipopita wakiburuza masanduku yao na kuuliza njia.

Begi halikurudi na uzito ule ule, na hilo nililipangia. Nafasi ya pampasi, biskuti na sabuni ilibaki wazi, ikajazwa na halua ya Wete, karafuu za pakiti za dukani zenye risiti, na kichupa cha mafuta ya makonyo kutoka kiwanda cha Wawi. Karafuu mbichi au kavu za kupimiwa kwenye debe msizibebe, ndugu zangu. Zao hilo visiwani liko chini ya ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, na magendo yake yanafuatiliwa. Doriani tulilila huko huko na kuliacha huko huko.

Jaribio la kilo saba hasa lilikuja baadaye, baba watoto alipotumwa kikazi Addis Ababa. Mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na ulikuwa msimu wake wa mvua, baridi ya kutetemesha mtu wa Dar. Alivaa koti na raba. Kwenye begi aliweka mashati manne, suruali, sweta, kompyuta mpakato na vifuko viwili. Kilo 6.8. Begi la ukubwa huo likiwa gumu, kompyuta ile ingebaki nyumbani au uzito uliozidi ungelipiwa. Alisema tatizo ni moja, kompyuta haina mahali pake, inakaa katikati ya nguo, na kwenye ukaguzi unapoitoa unavuruga mpango wote. Kwa mtu wa safari za kikazi, amwambie fundi aweke mfuko wa sponji upande wa mgongo.

Nani asiyanunue? Mwenye matatizo ya mgongo au mabega, huyo magurudumu ni haki yake na asijitese. Anayekwenda harusini na magauni ya kusimama. Na familia yenye mtoto mchanga kabisa. Miezi ile vitu vya mtoto vinashinda hesabu zote, chukueni begi kubwa mlipie kwa amani. Wengine wote, hasa wenye watoto wa shule wanaoweza kubeba chao, nawashauri bila kusita. Bei ya begi moja gumu la wastani pale pale Kariakoo inakaribia mawili makubwa ya fundi, na lake likichanika unarudi kwake anashona. Dukani wanakuonyesha mlango.

Ukienda kwa fundi wa aina hii, wa kwangu au wa mtaani kwako, mpelekee vipimo vimeandikwa, usimwonyeshe picha ya simu. Mwambie begi lifunguke pande tatu, kishikio kiwe cha chini pia, mshono wa mkanda uwe mraba wenye msalaba. Bitana iwe nyeupe au ipimwe kwa maji mbele yako. Nta ipakwe kabla hujalichukua. Anza wiki nne kabla ya safari, na uliweke kwenye mizani kabla ya kumalizia malipo. Likizidi kilo moja likiwa tupu, ametumia turubai zito, arudie. Mdogo wangu ameshaagiza matatu ya kwenda Mwanza Desemba, na amemletea fundi neti yake mwenyewe, ya bluu.